Nani Analipwa Kumtazama Mnyama? Antibiotiki, mbwa na paka wa Isiolo

Mkaazi wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ambaye mbwa wake ameacha kula hana njia nyingi. Atakwenda duka la agrovet, ataeleza alichokiona, na atarudi na chupa ya oxytetracycline, dawa ileile anayowadunga mbuzi wake. Muuzaji hajamwona mbwa. Hakuna aliyempima joto, aliyemfungua mdomo kutazama ufizi, wala aliyemkagua masikio kutafuta kupe. Dawa imemfikia mgonjwa kabla ya macho ya mtaalamu, na mara nyingi macho hayo hayatafika kabisa.

Nchini Uingereza, uchambuzi wa rekodi za kliniki uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika miaka miwili, mbwa mmoja kati ya kila wanne na paka mmoja kati ya kila watano walipewa antibiotiki angalau mara moja. Mjadala wa huko unahusu kalamu ya daktari: anaandika dawa mara nyingi mno, anachagua dawa kali pale ambapo ya kawaida ingetosha, au anashindwa kumkatalia mwenye paka aliyekuja amejaa wasiwasi. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya kalamu hiyo. Ukiileta Isiolo kama ilivyo, utakuwa unamwonya mtu ambaye hayupo. Swali la hapa linatangulia la kalamu: nani analipwa kumtazama mnyama kabla dawa haijauzwa? Naamini kwamba sehemu kubwa ya matumizi mabaya ya antibiotiki katika kaunti hii, kwa mbwa, kwa mbuzi na kwa ngamia, inatokana na jibu la swali hilo, nalo ni kwamba karibu hakuna anayelipwa.

Isiolo ni mji wa mifugo. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru wanakutana hapa, na biashara ya mbuzi, ng'ombe na ngamia ndiyo inayotia pesa mifukoni mwa wengi. Mbwa ana kazi yake katika maisha hayo: hulala nje ya boma na kubweka fisi au chui anapokaribia. Katika nyumba nyingi za Kiislamu haingii ndani, lakini kukaa nje hakumaanishi kwamba hathaminiwi. Paka huingia bila neno, hulala jikoni na kuwinda panya wanaotoboa magunia. Wanyama hawa wanahitajika. Tatizo ni kwamba hawauzwi. Mwenye ngamia akimwita daktari, gharama ya safari inaweza kupimwa dhidi ya bei ya ngamia, hata ikiwa chungu. Mwenye mbwa hana bei ya kupimia. Ndiyo maana mbwa hupata kile kilichobaki kwenye chupa ya mbuzi.

Mtu anayefanya hivyo si mjinga, na uchambuzi wowote unaoanza kwa kumdharau utapotea njia. Mara nyingine mbwa huinuka. Kuna ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, unaoitwa ehrlichia, ambao humletea homa, huzuni, ufizi mweupe na damu puani. Vimelea vyake ni bakteria, na dawa za jamii ya tetracycline ndizo hasa zinazovishinda. Mbwa mwenye ehrlichia akidungwa sindano ya mbuzi anaweza kuanza kula baada ya siku chache. Majirani wanaona, na dawa inapata sifa. Wasichokiona ni kwamba tiba inayopendekezwa ni doxycycline kila siku kwa siku 28, na kwamba mbwa aliyedungwa mara moja au mbili anaweza kubaki na vimelea mwilini, akaonekana mzima, kisha akarudi chini miezi kadhaa baadaye.

Kupe huyohuyo huleta pia babesia, ambayo haisikii tetracycline. Hivi ni vimelea vinavyopasua chembe nyekundu za damu, na dalili zake za mwanzo zinafanana na za ehrlichia kiasi kwamba daktari mzoefu naye hataki kubahatisha. Tone la damu kutoka ncha ya sikio, kioo cha slaidi, rangi na hadubini, na mara nyingi jibu linapatikana ndani ya nusu saa. Bila hadubini, mtu hubahatisha, na kubahatisha hapa kuna hatari yake. Diminazene, dawa ya nagana inayopatikana kirahisi kwa sababu ya ng'ombe, inaweza kutibu babesia ya mbwa, lakini kwake nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachodhuru ubongo ni finyu sana. Ngamia naye haivumilii vizuri. Mtu anayekadiria kwa macho uzito wa mbwa, akivuta dawa kwenye sindano kubwa ya ng'ombe, anaweza kumuua mnyama kwa dawa sahihi.

Kisha kuna magonjwa ambayo antibiotiki haiyagusi kabisa. Parvo inayomtapisha na kumharisha damu mtoto wa mbwa ni virusi. Distempa, inayoanza kwa machozi mazito na kikohozi kisha ikaingia kwenye neva, ni virusi. Daktari anaweza kumpa mbwa wa parvo antibiotiki kwa sababu utumbo uliochubuka unapitisha bakteria kwenye damu, lakini kinachomwokoa ni maji na chumvi anazowekewa mwilini. Na hata kuhara kwa kawaida kwa mbwa mkubwa, bila homa wala unyonge, kwa kawaida hupona bila antibiotiki yoyote. Miongozo mipya ya Ulaya inasema hivyo waziwazi, nayo inawahusu hata madaktari ambao kwa miaka mingi walitoa metronidazole kwa kila mbwa aliyeharisha.

Hatari kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Mbwa aliyebadilika tabia, anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza, huonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Mtu humshika taya, humfungua mdomo, humdunga. Hakuna sindano itakayomsaidia mbwa huyo, na mikono iliyomshika sasa iko hatarini. Nchini Kenya makadirio ya vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu hufika takriban 2,000 kwa mwaka, wengi wao watoto. Aliyeumwa anapaswa kuosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 kisha kukimbilia chanjo hospitalini. Vidonge vya amoxicillin kutoka duka la dawa vinaweza kuzuia jeraha lisioze, lakini havimzuii kirusi.

Paka ana shida zake, na nitamzungumzia kidogo kwa sababu husahaulika. Oxytetracycline ya asilimia 20 ina miligramu 200 katika kila mililita, na kwa mifugo kipimo cha kawaida ni mililita moja kwa kila kilo 10. Paka wa kilo tatu, kwa hesabu hiyohiyo, angehitaji sehemu tatu za kumi za mililita. Sindano ya mililita 10 au 20 haiwezi kupima kiasi hicho, na dawa yenyewe huunguza msuli. Mchanganyiko wa penicillin na streptomycin, unaotumika sana kwa mifugo, una streptomycin inayoweza kuharibu sikio la ndani la paka hadi akashindwa kusimama sawa. Enrofloxacin ikizidishwa humpofusha. Kidonge cha doxycycline kikimezwa kikavu hukwama kooni mwake na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula, kwa hiyo lazima kifuatwe na maji. Na aliyezoea kuwapulizia mbuzi dawa ya kupe yenye permethrin asimpulizie paka hata kidogo, kwani ini la paka haliwezi kuivunja.

Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi paka huyo hakuhitaji antibiotiki. Jipu la kuumwa na paka mwenzake hupona hasa kwa kupasuliwa, kukamuliwa na kuoshwa. Paka kijana anayejikamua na kutoa matone ya mkojo yenye damu kwa kawaida hana bakteria kwenye kibofu. Kama ni dume na mkojo umeziba kabisa, anahitaji kuzibuliwa siku hiyohiyo, na kila saa inayopita akisubiri sindano ya antibiotiki ifanye kazi inamsogeza karibu na kifo. Tofauti kati ya hali hizi hujulikana kwa kumpapasa tumbo. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu anayejua, na aliyefika.

Sasa tutoke kwa mbwa na paka twende malishoni, kwa sababu chupa iliyotumika kwao ilinunuliwa kwa ajili ya mifugo, pamoja na mazoea yake. Mbuzi akikohoa, akitoa makamasi na kuhema kwa shida, mfugaji hudunga. Kama ni homa ya mapafu ya mbuzi, ile ambayo Wasomali huiita sambab, kidudu chake ni mycoplasma, ambacho hakina ukuta wa seli. Penicillin huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, kwa hiyo hapa haina pa kushika, hata ukimaliza chupa. Tylosin au oxytetracycline zinaweza kusaidia. Lakini kama kikohozi hicho ni cha sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya baada ya kuzuka Turkana mwaka 2006, basi ni virusi, na antibiotiki inaweza tu kupunguza maambukizi yanayofuata. Magonjwa yote mawili yana chanjo, na ya homa ya mapafu hutengenezwa humuhumu nchini na taasisi ya KEVEVAPI. Ngamia anayekonda, anayevimba miguu na kutupa mimba anaweza kuwa na surra, vimelea vya damu ambavyo antibiotiki haiviwezi, na ambavyo hadubini ileile ya mbwa wa babesia ingevionyesha.

Hivyo makosa yanayofanyika kwa mbwa ni yaleyale ya malishoni, ila kwa mbwa yanaonekana wazi zaidi kwa sababu hakuna bei ya soko ya kuyafunika. Mfugaji wa mbuzi 100 anaweza kusema kwa haki kwamba kudunga wote ni bima: wakipona kumi kwa bahati, amerudisha gharama. Kwa mbwa mmoja hesabu hiyo haipo. Kilichobaki ni mazoea tu, na hapo tunaona mfumo wenyewe ulivyo pale ambapo hakuna anayelipia maarifa.

Haikuwa hivi siku zote, ingawa sitaki kuipamba historia. Enzi za ukoloni mifugo ya kaskazini ilizuiliwa karantini Isiolo kabla ya kuruhusiwa kushuka kusini. Karantini hiyo ililinda zaidi mashamba ya walowezi kuliko mfugaji wa Garbatulla, na kumbukumbu yake ni chungu kwa haki. Baada ya uhuru, daktari wa mifugo alikuwa mtumishi wa serikali, aliajiriwa akitoka tu chuo cha Kabete, na huduma yake ilikuwa bure au ya bei ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ajira hiyo ya moja kwa moja ilikoma, na katika muongo uliofuata, chini ya masharti ya wafadhili, huduma ziliachiwa sekta binafsi. Katika maeneo ya ng'ombe wa maziwa kama Kiambu, daktari binafsi aliweza kuishi. Kaskazini, ambako wateja wametawanyika na wanahama, hakuweza. Kilichoweza kuishi ni duka, kwa sababu duka linauza kitu kinachoshikika.

Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inasema nani anaruhusiwa kutibu, na chini yake kanuni za mwaka 2015 ziliunda idara ya kusimamia dawa za mifugo. Ni sheria nzuri. Lakini Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 25,300, na huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali ya kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Mtu wa Merti au Sericho akiambiwa asinunue antibiotiki bila karatasi ya daktari, anaambiwa kwa maneno mengine amwache mnyama afe. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, duka la agrovet ndilo lililokuwa mlango pekee uliobaki wazi kwa wengi. Kulifunga kwa jina la kupambana na usugu wa dawa kungekuwa ukatili, na naamini kusingepunguza hata chupa moja, kwani dawa zingehamia sokoni chini ya jua kali, kwenye meza ambazo hazina friji wala rekodi.

Hata hivyo usugu upo na unaua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria wasiosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo kulingana na idadi ya watu. Sidai kwamba mbwa wa Isiolo ndio chanzo. Antibiotiki wanazopata ni chache mno zikilinganishwa na za binadamu na za mifugo. Lakini wanaishi karibu nasi. Utafiti mkubwa uliofanyika Nairobi katika kaya 99 ulifuatilia bakteria wa E. coli kwa kusoma vinasaba vyao, na ulionyesha kwamba watu na wanyama wa kaya moja hushirikiana bakteria kuliko wa kaya tofauti. Paka anayelala jikoni na mtoto anayetambaa sakafuni wako ndani ya duara moja. Dozi iliyokatizwa kwa mmoja inaweza kumhusu mwingine.

Maziwa nayo yana lake. Wanawake wa Isiolo, wakiwemo wa chama cha ushirika cha Anolei, wamejenga biashara ya maziwa ya ngamia yanayosafiri kila siku hadi Eastleigh, Nairobi. Ngamia akidungwa kwa ugonjwa wa kiwele na maziwa yake yakachanganywa na mengine kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha, mabaki ya dawa huingia kwenye mtungi mzima. Anayegandisha maziwa hayo kuwa susa anaweza kuona hasara mapema kuliko mpimaji yeyote, kwa maana dawa hiyo huua pia bakteria wema wanaogandisha maziwa. Mabaki ya dawa na usugu wa bakteria ni mambo mawili tofauti, na magazeti huyachanganya mara kwa mara: kuchemsha maziwa huua bakteria, wasugu na wasio sugu, lakini hakuondoi dawa nyingi zilizobaki ndani yake.

Nchi zilizofanikiwa kupunguza matumizi zilishika mfuko kabla ya kushika adhabu. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kunenepesha mifugo mwaka 1986, mapema kuliko wengine, lakini funzo linalotufaa zaidi linatoka Denmark. Katikati ya miaka ya 1990 Denmark ilibana faida ambayo daktari wa mifugo angeweza kupata kwa kuuza dawa. Daktari alibaki na kazi yake, ila sasa kilichomlisha ni ziara na ushauri, na matumizi yalishuka kwa kiasi kikubwa mara moja. Kwetu hali ni kinyume: muuzaji wa agrovet hutoa ushauri bure na hula kutokana na chupa. Hata muuzaji mwaminifu, na wapo wengi, hawezi kumwambia mteja aliyetembea nusu siku kwamba mbwa wake anahitaji maji na chumvi tu. Atakuwa amemfukuza mteja na kujinyima mlo. Tusimlaumu kabla hatujabadilisha kinachomlisha.

Kaunti inaweza kumlipa msaidizi wa daktari, aliyehitimu katika vyuo kama Ndomba au Nyahururu na kusajiliwa na bodi ya taaluma hiyo, kwa kila mnyama aliyemchunguza, auze dawa au asiuze. Anaweza kukaa katika duka la agrovet lenyewe siku za soko. Apewe kipimajoto, mizani ya kuning'iniza, sindano ndogo za mililita moja, dawa ya kupima maziwa ya kiwele kilichougua, na hadubini moja. Sampuli ya kuotesha bakteria ili kujua ni dawa gani itawaweza inalazimika mara nyingi kusafiri hadi Karatina au Kabete, na kwa mbwa hilo halitafanyika. Lakini maswali mengi yanayomfikisha mtu dukani hayahitaji kuotesha chochote. Yanahitaji kujua kama kuna homa, kama kuna vimelea kwenye damu, kama uvimbe una usaha, na mnyama ana uzito gani.

Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa nazo zinapotezwa. Mpango wa Kenya ulioanza mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa mwaka hadi mwaka. Kwa mbwa wengi hiyo ndiyo siku pekee watakayomkaribia mtaalamu. Dakika mbili za ziada kwa kila mbwa zingetosha kutazama ufizi na kupe na kumweleza mwenye mbwa kwa nini sindano ya mbuzi haifai. Kupe wakidhibitiwa, sehemu kubwa ya homa zinazowapeleka watu dukani haitatokea.

Chama cha madaktari wa wanyama wadogo cha Uingereza, BSAVA, kimetengeneza karatasi ambayo daktari humpa mwenye mnyama asiyehitaji antibiotiki: inaeleza ugonjwa ni nini, afanye nini nyumbani, na dalili zipi zikitokea arudi. Mteja huondoka na kitu mkononi. Ningependa kuiona karatasi kama hiyo katika maduka ya Isiolo, kwa Kiswahili, Kiborana na Kisomali, na pembeni yake daftari la muuzaji lenye safu chache tu: mnyama gani, dalili gani, dawa gani na kiasi gani, na je, kuna aliyemtazama. Mpango wa taifa wa kukabiliana na usugu wa dawa wa 2023 hadi 2027 unahitaji takwimu za matumizi, na takwimu za nchi kwa kawaida huanzia kwenye dawa zinazoingizwa nchini. Mahali dawa hizo zinapoishia, katika mguu wa mbuzi wa Kinna au wa mbwa wa mtaa wa Bulla Pesa, hapatajulikana mpaka mtu alipwe kuandika safu ile ya mwisho.